Mfereji wa Jumamosi

Nyuma ya mlango wa ofisi ya Adélaïde, mahali ambapo wenzake hutundika makoti na miavuli, kumeegemezwa jembe. Ni jembe la kawaida, mpini wake umeng'aa kwa kushikwa, na kando yake ziko buti za mpira za kijani zenye tope lililokauka kwenye visigino. Mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza huliangalia jembe, kisha humwangalia mwenye ofisi, mama wa makamo mwenye miwani na kitenge kilichopigwa pasi vizuri, halafu hujiuliza kama hakukosea mlango. Hakukosea. Hapo ndipo zinapoletwa ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mtu kuruhusiwa kujenga kiwanda, hoteli au kituo cha mafuta jijini Bujumbura, na Adélaïde ndiye anayezisoma.

Ukiitazama kwa mbali, kazi yake ni ya kukaa. Mwenye mradi hutafuta wataalamu, wataalamu huandika ripoti nene yenye ramani na picha, naye huisoma ukurasa baada ya ukurasa na kutoa maoni: mradi uendelee, urekebishwe, au usimame. Kila anapokutana na maneno "athari ndogo", huyazungushia duara kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni swali lake lile lile: "Ndogo kwa nani?" Wataalamu wa jiji wanalijua swali hilo. Wengine hulicheka, lakini wanapoandika ripoti zinazofuata hujikuta wanalijibu kabla hajauliza.

Jembe lina habari yake. Kila Jumamosi asubuhi Burundi nzima hutoka kwenye kazi za pamoja. Maduka hufungwa, magari husimama, na watu hufagia barabara, huziba mashimo, huzibua mifereji, kila mmoja mtaani kwake. Adélaïde anakaa Kamenge, lakini akiwa na faili mezani hubeba jembe lake na kwenda kufanya kazi hizo katika mtaa unaohusika na faili hilo. Hakuna kanuni iliyomwagiza hivyo. Husema kwamba mkutanoni watu hukujibu kwa adabu, ila mtu aliyeinama mferejini kando yako hukwambia kweli, kwa sababu mgongo unamuuma na hana nafasi ya kupamba maneno.

Mkuu wake wa kazi, Bwana Léonce, mtu wa haraka na wa utani, alimpa jina la Madame Jembe. Jina hilo lilimkaa vizuri, naye hakulikataa.

Adélaïde alizaliwa Gihosha, upande wa mlimani, katika nyumba iliyokaa ukingoni mwa korongo. Alipokuwa msichana mdogo, mvua moja ya mchana ilikata ardhi nyuma ya nyumba yao, na jiko likaondoka lote, pamoja na sufuria ya maharage iliyokuwa juu ya mafiga. Mama yake alisimama penye ufa akatazama chini kwa muda mrefu, kisha akasema, "Yalikuwa karibu kuiva." Adélaïde alisomea mambo ya maji na udongo chuo kikuu. Watu wakimuuliza kwa nini alichagua masomo hayo magumu, huwasimulia habari ya yale maharage.

Mwezi wa kumi, mvua zilipokuwa zinaanza, lilikuja faili la Shaabani.

Shaabani ni mfanyabiashara wa magari yaliyotumika, yale yanayoshuka bandarini Dar es Salaam na kupanda mpaka Bujumbura. Kwa miaka mingi aliyauza Buyenzi, katika barabara nyembamba ambamo mteja akitaka kujaribu gari ni lazima kwanza magari mengine yaondolewe njiani. Sasa alikuwa amepata kiwanja kikubwa Gihosha, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Kamenge, na alitaka kujenga uwanja wa kuuzia magari: jengo la vioo, mahali pa kuoshea, mahali pa kubadilishia mafuta ya injini, na eneo lote lililobaki limwagiwe zege ili magari yapangwe kwa safu. Chini ya kiwanja inapita barabara ya mtaa, pembeni mwake mfereji, na ng'ambo ya mfereji kuna mstari wa nyumba ndogo zilizogeuzia migongo yake korongoni.

Ripoti ilikuwa imeandikwa na Armel, mhandisi kijana ambaye aliwahi kufanya mafunzo ya kazi kwa Adélaïde mwenyewe. Ilikuwa ripoti nzuri, na Adélaïde aliisoma kwa fahari kidogo, kama mwalimu anayesahihisha daftari la mwanafunzi wake bora. Maji ya mvua kutoka kwenye zege yangeingia katika mfereji wa barabara, na mfereji, kwa upana na kina chake, ungeyabeba yote. Kulikuwa na picha: mfereji mpana, wenye kina, uliosafishwa hata mawe ya chini yakaonekana, na rula ndefu ya chuma ya Armel imesimamishwa ndani yake.

Mwezi huo goti la Adélaïde lilikuwa limevimba, na daktari alimkataza kuinama. Jembe likabaki nyuma ya mlango. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, Adélaïde aliandika maoni yake ya awali bila kwenda mtaani. Mradi uendelee, aliandika, kwa masharti machache juu ya mafuta machafu. Ilibaki kuwasikiliza wananchi.

Kikao cha kuwasikiliza kilifanyika katika darasa la shule ya mtaa. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kifuani. Zénon, mkuu wa nyumba kumi za mtaa huo, fundi mpaka rangi mwenye sauti kubwa, ndiye aliyefungua. Armel akaeleza mradi kwa Kirundi na Kiswahili, akaonyesha ramani na picha. Shaabani alikaa mbele amevaa kofia ya kufuma, akiitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo gari zitakuja," alisema mtu mmoja wa nyuma. "Na essence ya kuzitia iko wapi?"

"Tutanunua za kukalia," akajibu jirani yake. "Unakaa ndani, unasikiliza redio."

Darasa likacheka, na Shaabani mwenyewe akacheka zaidi ya wote. Vijana wakauliza habari za ajira, akawajibu vizuri. Hakuna aliyepinga. Wakati Zénon alipokuwa anataka kufunga, mwanamke mmoja aliyejifunga kitenge cha buluu alinyanyuka karibu na dirisha. Aliitwa Marguerite. Alitoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, akiwa na mume na mizigo miwili. Mume alifariki hapa, na nyumba waliyoijenga pamoja ni ya mwisho katika ule mstari wa ukingoni mwa korongo.

"Mi niko na swali moja tu," alisema. "Maji yenu italala wapi?"

Watu wakacheka tena, kwa jinsi alivyoyataja maji kama mgeni anayetafutiwa kitanda.

"Katika mfereji, mama," Armel akajibu kwa upole. "Angalia picha. Kaniveau iko kubwa, inatosha."

Marguerite aliitazama picha iliyoinuliwa mbele yake. Alifungua mdomo, akamwona Shaabani, akamwona Zénon, akaufunga. "Sawa," akasema, akakaa.

Adélaïde, aliyekuwa amekaa kando na goti lake limenyooshwa, aliiona ile "sawa". Aliijua. Ni neno ambalo watu wa huku hulitumia kufungia mlango.

Siku iliyofuata ofisini, aliitoa ile picha kwenye faili na kuiweka mezani peke yake. Safari hii hakuutazama mfereji. Alitazama pembeni. Kwenye kona ya chini kulikuwa na chungu ya mchanga mbichi, wa rangi ya kahawia iliyokolea, na juu yake koleo limelazwa. Nyuma, ng'ambo ya barabara, maduka yote yalikuwa yamefungwa milango, na jua lilikuwa linawaka. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, kisha akachukua simu.

"Armel, mwanangu. Picha ya mfereji ulipiga siku gani?"

"Jumamosi, mama. Ndiyo siku nilipata wenye nyumba wote pamoja. Siku zingine wako kazini."

"Kazi za pamoja zilikuwa zimeisha?"

"Zilikuwa zinaisha. Kuna shida?"

"Watu uliwapata," alisema Adélaïde. "Mfereji hukuupata. Ijumaa tukutane pale chini."

Mvua ilinyesha Jumatano na Alhamisi. Ijumaa Adélaïde alivaa buti zake, akafunga goti kwa kitambaa, akashuka polepole ule mteremko akijishikilia kwa mwavuli. Armel alikuwa amekwisha fika. Alisimama barabarani, rula yake mkononi, akitazama chini.

Mfereji haukuwepo. Mahali pake palikuwa na utepe wa mchanga uliolingana karibu kabisa na barabara, laini kama unga uliopepetwa, na maji ya tope yalipita juu yake, yakavuka, yakaingia katikati ya nyumba. Armel alisimamisha rula. Ile rula ambayo kwenye picha ilikuwa imezama mpaka kiunoni, sasa haikupita kifundo cha mguu.

"Kila wiki mchanga unashuka kutoka juu," alisema Adélaïde. "Kila Jumamosi wanautoa. Jumapili mfereji ni mzuri. Jumatatu wenye kujenga wanachukua ule mchanga kupigia plasta, hata alama haibaki. Ikinyesha, unajaa tena."

"Nimepima mfereji wa Jumamosi," alisema Armel. Alipangusa tope kwenye rula. "Hesabu zote nimejenga juu yake."

"Mimi nimeshaandika uendelee," Adélaïde akamwambia. "Kwa mkono wangu, nimekaa kwenye kiti. Usijione uko peke yako."

Marguerite alikuwa amewaona. Aliwaita waje nyuma ya nyumba, akitembea mbele bila viatu, sketi imekunjwa. Jiko lake lilikuwa kibanda cha matofali kilichogusana na nyumba, na nyuma ya ukuta wake ardhi ilikatika. Chini, ndani kabisa, maji ya korongo yalisikika yakisukuma mawe. Juu ya mafiga kulikuwa na sufuria, na kutoka kwenye sufuria ilitoka harufu ya maharage na majani ya vitunguu.

"Mwaka jana mbuzi ya jirani ilikuwa inapita hapa," alisema, akionyesha kipande cha ardhi kati ya ukuta na korongo. "Sasa hata kuku ikifika inageuka."

"Kwa nini hukusema mkutanoni, mama Marguerite?" Armel akauliza.

"Niseme nini? Mukubwa wa gari iko pale, mukuu wa nyumba kumi iko pale, nawe uko na picha." Alikoroga sufuria. "Uvira nilikimbia vita, masasi. Hapa nikimbie maji? Mi sina tena fasi ya kukimbilia."

Adélaïde alisogea karibu na mafiga. Alikuwa anaitazama sufuria. Akasema, "Yamekaribia kuiva."

Jumatatu alichana maoni yake ya awali, akaandika mengine. Zege lote lile lingemwaga maji kwa kasi maradufu juu ya mfereji ambao, siku nyingi za wiki, haupo. Mradi usimame mpaka maji yake yabaki kiwanjani au yapelekwe penginepo. Penginepo palikuwepo: mtaro mkuu wa barabara kubwa, chini zaidi kuelekea Kamenge. Na pa kuyabakisha palikuwa mahali pamoja tu, sehemu ya chini kabisa ya kiwanja, kando ya barabara, ambapo lingechimbwa bwawa la kupokezea mvua.

Shaabani aliitwa ofisini kwa Bwana Léonce, akaja, akaamkia kila mtu kwa adabu, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kofia yake juu ya goti.

"Mama Adélaïde, unajua uuzaji wa gari? Gari inauzwa kwa macho. Mutu anapita, anaona, moyo unamwingia. Fasi ya mbele, kando ya barabara, ndiyo duka. Nyuma ni bohari. Na wewe unataka pale mbele niweke shimo la maji."

"Bwawa, mzee. Lenye nyasi pembeni."

"Vyura watanunua gari?"

Bwana Léonce alicheka, akakohoa, akajirekebisha. Yeye alitaka faili liondoke mezani kwake. "Madame Jembe, hatuwezi kupata njia ya katikati?"

"Nitaajiri watu," Shaabani akasema haraka. "Wausafishe mfereji kila siku. Wallahi, naandika hapa."

"Mvua ikianza usiku na kwisha alfajiri, watausafisha saa ngapi?"

Shaabani aliizungusha kofia yake juu ya goti.

"Mzee," alisema Adélaïde, "wewe kiwanja chako unakitembelea siku gani?"

"Jumamosi. Kazi za pamoja zikiisha ndiyo napanda. Nawapelekea watu Fanta na maandazi, waulize wenyewe. Siku zingine niko mjini na wateja."

"Nimeshasikia habari za Fanta zako, wanakusifu. Jumamosi hii njoo asubuhi, pamoja na wengine. Usilete Fanta. Leta jembe."

"Unanipa adhabu?"

"Apana. Nakupa kazi za pamoja, kama kila mutu."

Shaabani aliondoka bila kusema atakuja au hatakuja. Bwana Léonce alifunga mlango, akageuka. "Asipokuja?"

"Utasaini unavyotaka, wewe ndiwe mkuu," alisema Adélaïde. "Lakini mimi nitakuwa nimeandika usimame, na neno hilo sitalifuta." Hakuinua sauti. Bwana Léonce, ambaye amefanya naye kazi muda mrefu, alijua kwamba hapo hapakuwa na njia ya katikati.

Jumamosi ilipambazuka na mawingu mazito upande wa milima. Watu wa mtaa walikuwa wamejipanga kando ya mfereji kama kawaida yao, kila nyumba na kipande chake, kila mmoja akimlaumu wa juu kwa mchanga uliomfikia. Adélaïde alikuwepo na jembe lake, akifanya kazi kwa mguu mmoja ulionyooka, Marguerite upande wa kulia kwake. Kazi ilikuwa imeshaanza wakati gari la Shaabani liliposimama mbali, kwenye kizuizi, naye akashuka kwa miguu. Alikuwa amevaa suti ya mazoezi na viatu vyeupe, na begani jembe jipya ambalo bado lilikuwa na karatasi ya duka.

Zénon ndiye aliyemwona kwanza. "Patron, viatu hivyo ni vya kupigia picha."

"Basi nipige," alisema Shaabani. "Kipande changu kiko wapi?"

Walimpa kipande kilicho chini ya kiwanja chake mwenyewe, ambapo mchanga hukaa mzito zaidi. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia. Mwanzoni alichimba kama mtu anayegombana na ardhi. Akina mama waliacha kazi wakamtazama.

"Papa Shaabani, ukiendelea hivyo utamaliza Krismasi," mmoja akasema.

"Krismasi si yangu. Nitamaliza Idi."

Mfereji mzima ukacheka, na kicheko hicho kikamfungulia njia. Watu wakaanza kuzungumza naye, na kwa kuwa alikuwa ameinama kama wao, hawakumpamba. Mmoja alimwambia kwamba mwaka uliopita ukuta wake ulianguka. Mwingine alimwambia kwamba mvua ikinyesha usiku hawalali, wanakaa kitandani wamevaa viatu. Zénon, ambaye mkutanoni alisifu mradi kuliko wote, alisema kwa sauti ya chini isiyo ya kawaida yake kwamba nyumba ya mama Marguerite haitavuka mvua za mwezi wa nne, na kwamba kila mtu mtaani anajua. Shaabani aliinama zaidi. Alichimba. Marguerite alimtazama mara moja, akamsogezea toroli karibu.

Walipomaliza, mfereji ulikuwa mzuri. Mpana, wenye kina, mawe ya chini yameoshwa. Shaabani alisimama barabarani akipuliza viganja vyake vilivyochubuka, akautazama kutoka juu mpaka chini.

"Ndivyo nilivyokuwa nauona," alisema. "Kila nikipita nasema, watu hawa wana mfereji mzuri."

Ndipo mvua iliyokuwa inasubiri milimani iliposhuka. Watu walikimbilia vibarazani na majembe yao. Shaabani alibaki chini ya paa la Marguerite pamoja na Adélaïde, na wote watatu wakautazama mfereji ukianza kazi yake. Maji yalikuja mekundu, mepesi kwanza, kisha mazito. Na katika kipande kile kile alichokisafisha Shaabani, mbele ya macho yake, ukalala ulimi mdogo wa mchanga. Juu yake mwingine. Juu yake mwingine. Mpaka mvua ilipopungua, nusu ya jasho lake ilikuwa imefunikwa.

Marguerite alimletea maji ya kunawa katika jagi. Alimmiminia polepole, kwa sababu ya vidonda, na alipokuwa anamimina akamuuliza lile swali lake, bila ukali, kama mtu anayeuliza habari za safari.

"Sasa, Papa Shaabani, maji yako italala wapi?"

Shaabani alitazama mikono yake. Alitazama kiwanja chake, sehemu ya mbele kando ya barabara, ambako katika akili yake magari yalikuwa tayari yamepangwa yanang'aa.

"Italala kwangu," alisema.

Kisha akamgeukia Adélaïde. "Wewe, mama, ni mutu mubaya sana."

"Nimeambiwa," alisema Adélaïde.

Armel aliandika ripoti upya, na safari hii alihesabu kana kwamba mfereji wa barabara haupo duniani. Sehemu ya chini ya kiwanja ikawa bwawa pana lisilo na kina kirefu, kingo zake zimepandwa nyasi za mizizi mirefu. Magari yakarudi nyuma, na nusu ya uwanja haikumwagiwa zege bali kokoto, ili ardhi inywe inachoweza. Maji ya kuoshea magari yalipitishwa kwenye mashimo ya kuchujia, mafuta machafu yakawekewa mapipa yaliyofungwa, na yaliyozidi bwawani yakaongozwa kwa bomba mpaka mtaro mkuu. Adélaïde aliisoma ripoti yote, akazungushia duara "athari ndogo" mbili zilizobaki, akauliza ni ndogo kwa nani, akajibiwa, akaandika uendelee. Bwana Léonce alisaini siku hiyo hiyo.

Wako wanaodhani kwamba kazi kama ya Adélaïde ni kuwazuia watu wasijenge. Yeye hajibu maneno hayo. Lakini jengo la vioo la Shaabani liko, na vijana wa mtaa wanafanya kazi humo, na wateja husimama barabarani kutazama magari ng'ambo ya bwawa, ambamo magari hayo huonekana tena yamepinduka. Shaabani huwaambia kwamba alilichimba makusudi, kwa ajili ya urembo.

Mvua za mwezi wa nne zilikuja kubwa. Jumamosi moja katikati yake Adélaïde alibeba jembe lake, ingawa hakuwa na faili lolote la mtaa ule, akapanda Gihosha. Mchanga ulikuwepo mferejini, kwa kuwa mlima bado ni mlima, lakini ulikuwa mwembamba, na kazi iliisha mapema mpaka watu wakabaki wamesimama wakitazamana.

"Mumeniharibia," alilalamika Zénon. "Nilikuwa nimeahidi kupiga plasta nyumba ya shemeji. Mchanga wote umelala kule bwawani kwa patron."

"Kamuombe," alisema Marguerite. "Chukua toroli."

"Anasema ni wake."

"Basi hata mchanga ameupenda," alisema Marguerite, akamshika Adélaïde mkono. "Kuja, mama. Goti lako hili, kuja ukae."

Walizunguka nyuma ya nyumba. Jiko lilikuwa limesimama pale pale. Kati ya ukuta na korongo Marguerite alikuwa amepanda safu ya zile nyasi za mizizi mirefu, mizizi aliyopewa bwawani, na zilikuwa zimeshika. Hapakuwa pamepanuka, ardhi iliyokwenda haikurudi. Ila kuku mmoja alikuwa anapita huko taratibu, akichokora chini ya nyasi, na alipofika mwisho hakugeuka.

Adélaïde aliegemeza jembe ukutani, akakaa kwenye kigoda. Marguerite alifunua sufuria, mvuke ukamjaa usoni, akatoa harage moja kwa kijiko, akalibonyeza kwa vidole.

"Yameiva," alisema, akapakua.